Hercule ya 1873 au Hercule ya 1965? Ipi uanze nayo kama ndo unaingia kwenye sarafu za fedha za Mfaransa

Jumapili iliyopita niko zangu Marseille bado kitandani, simu inalia, mdogo wangu yuko Lyon kwenye soko la vitu vya zamani, lile ambalo watu wanatandika shuka chini wanamwaga vikombe, funguo, saa mbovu na sarafu. Voisi noti yake: "Kaka shikamoo, samahani nimekuamsha, kuna mzee hapa ana sarafu mbili kubwa za fedha zinafanana kama mapacha, moja imeandikwa 5 FRANCS 1873, nyingine 10 FRANCS 1965, anataka bei ileile kwa kila moja, nichukue ipi? Jibu fasta anataka kufunga."

Nikamjibu chukua ya 1965. Akashangaa, si ya 1873 ndo ya kale? Ndo hapo nikaona bora nikae niandike vizuri, maana swali hili naulizwa kila siku na majibu ya voisi noti hayatoshi.

Kwanza tuelewe kwa nini zinafanana. Mchoro ni mmoja. Uliochongwa na Augustin Dupré enzi za Mapinduzi ya Ufaransa: Hercule, yule shujaa mwenye nguvu wa hadithi za Wagiriki na Warumi, kasimama katikati, dume limejazia, kulia kwake na kushoto kwake wanawake wawili, mmoja ni Uhuru ana fimbo yenye kofia juu, mwingine ni Usawa kashika kile kipimo cha pembetatu cha mafundi uashi, na yeye anawaunganisha mikono. Chini kuna saini ya Dupré. Upande wa pili shada la majani, ndani yake thamani na mwaka. Mchoro huu ulianza kwenye faranga 5 za mwaka wa 4 wa kalenda ya Mapinduzi (wao walihesabu upya miaka, mwaka wa 4 unaanza Septemba 1795) mpaka mwaka wa 11, ukapotea, ukarudi 1848 na 1849, ukapotea tena, ukarudi 1870 mpaka 1878. Afu karibu miaka tisini baadaye, 1965, serikali ikauchukua uleule ikaupiga kwenye faranga 10 mpaka 1973.

Shika hiyo miaka kichwani kwa sababu ni kipimo cha kwanza na hakina gharama yoyote. Mtu akikuletea faranga 5 ya Hercule ya 1860, huna haja ya mizani wala nini, mwaka huo aliyekuwa anatawala ni Napoléon III na sarafu zilikuwa na kichwa chake yeye. Hercule ni wa jamhuri, mfalme akiingia Hercule anatoka. Wanaotengeneza feki mara nyingi hawana habari na hilo, wanachanganya mwaka wowote na sura yoyote, na ukijua tu nani alikuwa madarakani mwaka gani unakuwa umeshachuja takataka nyingi.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui na ndo lililonifanya nimwambie dogo achukue ya 1965. Hizi sarafu mbili ni mapacha mpaka tumboni. Faranga 5 ya 1873: gramu 25, upana milimita 37, fedha 900 kwa 1000 na iliyobaki shaba. Faranga 10 ya 1965: gramu 25, milimita 37, fedha 900 kwa 1000. Hakuna tofauti! Kipimo cha ile ya kale kinatoka kwenye sheria ya 1803, ya mwezi waliouita germinal, na waliporudisha Hercule mwaka 1965 waliirudisha na vipimo vyake vyote. Kwa hiyo kila moja ina gramu 22.5 za fedha tupu, na kwa sonara anayeangalia kuyeyusha tu hizi ni kitu kimoja, hata hajali imeandikwa nini.

Maana yake ni kwamba usikubali mtu akuuzie ile ya 1873 kwa bei ya ajabu eti kwa sababu ni ya kale. Uzee peke yake haupandishi bei ya sarafu. Hercule za miaka ya 1873 mpaka 1876 za Paris zilipigwa nyingi mno, zimejaa madukani mpaka leo, na iliyochakaa bei yake inafuata fedha tu kama ile ya 1965. Zinazoruka bei ni mwaka adimu, herufi adimu ya kiwanda ilikopigwa, au iliyokaa kama imetoka kiwandani jana.

Kwenye kuaminika sasa hapo hazifanani hata kidogo.

Ile ya 5 feki zake zipo kwa ngazi mbili. Kuna feki za zamani zilezile, za karne ya 19, watu walikuwa wanatengeneza za bati na risasi ili wanunulie mkate, hizi ukizigonga zinalia du kama kifuniko cha sufuria. Afu kuna feki za leo, zinatengenezwa kwa maelfu za kuuzia watalii na wanaoanza kukusanya, zina rangi nzuri, wamezipaka na weusi wa kuigiza uzee kwenye mikunjo ya nguo za wale wanawake. Ile ya 10 hazikosekani feki lakini mtu wa kughushi anajiuliza, nighushi sarafu ya 1965 ambayo mnunuzi anaiona ya juzi, au ya 1873 ambayo mnunuzi anaiona anapata msisimko wa historia? Utaghushi ile inayosisimua watu.

Mimi mwenyewe nilishapigwa, sioni aibu kusema. Mwaka wa kwanza nimefika huku nilinunua Hercule ya 1871 kwa jamaa mmoja sokoni, akaniambia ina alama ya trayidenti. Kwa asiyejua: mwaka 1871 wakati wa Komyuni ya Paris, wafanyakazi walipoushika mji, kiwanda cha sarafu kilikuwa chini ya Zéphirin Camélinat na alama aliyoweka kwenye faranga 5 ni mkuki wa meno matatu, trayidenti, na sarafu hizo zinatafutwa kama lulu. Sasa mimi nikaona alama kama uma, moyo ukaenda mbio, nikatoa hela haraka kabla mwenye mali hajashtuka (kumbe aliyekuwa anacheka moyoni ni yeye). Nimefika nyumbani naiweka kwenye mizani ya jikoni, gramu 21.4. Nikadhani mizani mbovu. Nikatoa betri nikarudisha. 21.4. Nikaipima na sukari. Mizani nzima, mbovu ni mimi.

Hiyo 21.4 inaeleza kitu kizuri ambacho kinafaa kukijua. Sarafu ya gramu 25 ya fedha ya 900 inachukua nafasi ya kama mililita 2.42, kwa sababu uzito wa fedha hiyo ni kama gramu 10.3 kwa kila mililita. Mghushi akitengeneza sarafu ya upana uleule na unene uleule kwa kutumia shaba iliyochanganywa na nikeli, ambayo ni kama 8.9, anapata gramu 21 na nusu hivi. Akitumia shaba nyeupe au ya njano ya bei rahisi anapata 20 na kitu. Akitumia chuma anashuka mpaka 19. Hawezi kufika 25 bila kuinenepesha, na akiinenepesha unaiona. Kwa hiyo uzito peke yake unaweza kukudanganya, unene peke yake unaweza kukudanganya, lakini uzito na upana na unene kwa pamoja, hapo anabanwa kila kona. Risasi ndo inayozidi uzito wa fedha, ni 11.3, ila risasi ni laini na haina sauti, ukiigonga utajua.

Na hapa ndo inakuja faida kubwa ya kuanza na ya 1965 ambayo sijawahi kuona mtu anaisema. Ukishakuwa na faranga 10 moja ya uhakika, uliyonunua dukani kwa muuza sarafu anayeeleweka na anayekupa risiti, umeshapata JIWE LA MIZANI la kupimia zote za kale. Uzito uleule, upana uleule, madini yaleyale, kwa hiyo na unene uleule kasoro kuchakaa. Ukienda sokoni huna mizani, unachukua rula na penseli, unaweka rula juu ya penseli kama bembea ya watoto, ya kwako huku, ya mzee kule, umbali sawa kutoka katikati. Feki ya gramu 21 inapaa juu kama puto. Halali iliyochakaa, yenye 24.8 tuseme, inakaribia kulala sawa. Afu unazipanga mbili kwa pamoja, unapitisha kidole kwenye kingo zao, moja ikiwa nene zaidi kidole kinagota.

Sauti pia. Weka ya kwako kwenye ncha ya kidole, igonge taratibu na kalamu, isikilize. Fedha inalia juu na inachelewa kunyamaza. Afu gonga ya mzee. Ukisikiliza moja peke yake huwezi kujua umesikia nini, mtu anakuambia "inalia vizuri" na wewe unaitikia tu, lakini ukiwa na mbili sikio halihitaji mwalimu. Angalizo: sarafu yenye ufa au iliyowahi kuchomelewa kishikizo cha mkufu inaweza kulia vibaya na bado ni fedha halali, kwa hiyo sauti mbaya inakufanya uangalie zaidi, siyo uitupe.

Sumaku watu wanaipenda sana ila inakupa jibu nusu. Ikinata, kwisha, siyo fedha. Isiponata hujajua kitu, maana shaba hainati, risasi hainati, bati halinati. Kuna ile ya kuinamisha sarafu na kuteremsha kisumaku kidogo chenye nguvu juu yake, kwenye fedha kinashuka polepole kama mtu anashuka ngazi na ndoo ya maji kichwani, nzuri kuitazama, ila shaba nayo inafanya hivyohivyo kwa kiasi chake.

Nyumbani kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni maji. Mizani ndogo ya kusoma mpaka 0.01, zile za masonara siku hizi ni bei ndogo tu. Glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, funga sarafu na uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Mizani itasoma kama 2.42. Ya kwangu ya 1965 ilisoma 2.43, ile "trayidenti" yangu ikasoma 2.40. Ukigawa uzito kwa hiyo namba, ya kwanza inakupa 10.3, ya pili 21.4 kugawa 2.40 ni 8.9. Shaba na nikeli mchana kweupe. Sijaikwaruza, sijaimwagia tindikali, na nimepata jibu ambalo muuzaji hawezi kubishana nalo. Tindikali ya sonara kwa kweli usiiruhusu iguse sarafu nzima, inaacha doa la maisha, na ukwaruzaji wa kwenye jiwe unaondoa thamani. Kama una sonara mwenye ile mashine ya eksirei ya kusoma madini, hiyo sawa, ingawa inasoma juu juu tu na sarafu iliyopakwa fedha nene inaweza kuipita.

Baada ya madini ndo macho. Chukua lenzi.

Ile ya 1873: ukingoni kuna maandishi ya kuinuka DIEU PROTEGE LA FRANCE, Mungu ailinde Ufaransa. Yawe yameinuka, siyo yamechimbwa, na yawe yanasomeka. Feki nyingi ukingo wake ni mtupu, au una meno kama ya sarafu za kawaida, au una mstari unaozunguka katikati kama mshono wa kandambili, huo mshono ni wa nusu mbili kuunganishwa. (Zile za mwaka wa 4 mpaka wa 11 ni tofauti, zimechimbwa GARANTIE NATIONALE.) Chini upande wa thamani tafuta herufi ya kiwanda, A ni Paris, K ni Bordeaux, kwa Hercule za 1870 kwenda mbele hizo mbili ndo utakutana nazo. Kwenye za Paris kuna nyuki mdogo na nanga. Nyuki halali ana mabawa, feki ana kitu kama punje ya mchele. Ile 1871 ya trayidenti hata ikipita mizani usiinunue kwa macho yako, peleka kwa mtaalamu, kwa sababu wapo wanaochukua sarafu halali ya 1871 wanamchonga nyuki awe trayidenti, madini yatakuambia ndiyo na alama ni uongo.

Ile ya 1965: ukingo nao una maandishi ya kuinuka, na alama zake ni bundi na pembe la neema, lile la matunda. Bundi akikosekana weka chini. Hapa hakuna mambo ya herufi adimu za kuumiza kichwa, miaka ya 1965 mpaka 1968 ilipigwa kwa mamilioni, ya 1973 ndo chache.

Zote mbili: shika kwa vidole viwili kushoto na kulia, izungushe kwa kuipindua juu-chini. Hercule akiwa wima na shada nalo linatokea wima, ndo upigaji wa Kifaransa. Ukizipindua kama unafungua kurasa, shada linatoka kichwa chini. Feki nyingi zimepigwa kinyume chake kwa sababu aliyetengeneza hakujua, nimeshakataa sarafu tatu kwa kipimo hiki tu bila kufungua mdomo.

Kuhusu mng'aro, mambo yanageuka. Ya 1965 kung'aa ni kawaida yake, Wafaransa walipoona serikali inatoa fedha halisi kwenye malipo walizificha kabatini, hazikuzunguka sana, kwa hiyo nyingi ziko safi. Ya 1873 ikikung'alia kama kijiko kipya jiulize imeoshwa na nini. Fedha iliyokaa miaka 150 inatakiwa iwe na kijivu, na weusi kidogo kwenye mashimo ya herufi. Wasafishaji ndo maadui zetu. Bibi yetu Pangani alikuwa na riale za Maria Theresa alizirithi, kila Idi anazisugua kwa majivu na ndimu, zinang'aa kama mbalamwezi na sura ya yule malkia imebaki pua tu. Usisugue. Hata dawa ya meno usiweke.

Wengine watauliza mbona sijataja ile kubwa, faranga 50 ya Hercule ya 1974 mpaka 1980. Ni nzuri, gramu 30, milimita 41, fedha 900 ileile, yaani gramu 27 za fedha tupu. Kama unataka fedha tu ya kuweka, chukua hiyo. Ila haikusaidii kupima ya kale kwa sababu saizi siyo moja. Na kuwa makini na faranga 5 ya yule mwanamke anayepanda mbegu: mpaka 1969 ni fedha, gramu 12, kuanzia 1970 sura ileile kabisa lakini ni shaba na nikeli, gramu 10. Hiyo siyo feki, ni halali, ila anayekuuzia ya 1970 kwa jina la fedha yeye ndo feki. Na akikwambia ukikwama benki ya Ufaransa itaipokea, muda wa kubadilisha sarafu za faranga uliisha tarehe 17 Februari 2005.

Ukishapata ile ya 1965 milango inafunguka kuliko unavyodhani, maana gramu 25 za fedha 900 haikuwa ya Wafaransa peke yao. Ubelgiji, Italia na Uswisi walikubaliana nao mwaka 1865, Ugiriki ikafuata, faranga 5 zote zikawa kipimo kimoja. Faranga 5 za Leopold II za Kongo za kuanzia 1887 ni hichohicho. Madagaska watu walikuwa wanazikata faranga 5 vipande na kupima kwa mizani kama nyama. Na majirani zangu Wangazija hapa Marseille wanaitaja kwa heshima ile faranga 5 ya Sultani Said Ali ya mwaka 1308 wa Hijria, iliyopigwa Paris kwa Kiarabu, nayo ni mulemule. Ila hiyo usiiguse mpaka umeshapigwa mara mbili tatu na vitu vya bei ndogo.

Kwa hiyo mwenye haraka: huna mizani, huna mtu wa kumuuliza, ni ya kwanza, chukua ya 1965. Unataka zawadi ya mzee anayependa historia na una mtu wa kukukagulia, chukua ya 1873, ni sarafu iliyokuwepo wakati Ufaransa inalipa deni la vita kwa Wajerumani, mpaka bei ya fedha ilipoporomoka wakaacha kuzipiga 1878. Una hela ya mbili, chukua mbili, ila kwa mpangilio huo, siyo ya kale kwanza.

Dogo alichukua ya 1965. Jumapili hii karudi kwa mzee yuleyule na rula ya shule na penseli, kaweka ya kwake huku na ile ya 1873 kule, mbele ya watu. Kanitumia video. Rula inatikisika, inatikisika, inalala sawasawa. Nilitaka kumpigia makofi, ila mzee naye alikuwa ameinama anaangalia, na ilipotulia tu akapandisha bei.